Barua kwa mwanangu: maji ya zege

Mwanangu Rehema,

Nimefurahi kusikia kwamba msingi umekwisha na kwamba Jumamosi ijayo mafundi watamwaga zege la nguzo hapo kiwanjani kwako Dodoma, kisha la jamvi, yaani sakafu ya zege. Mimi si mhandisi, na michoro uliyopewa ndiyo utakayoifuata. Lakini nimejenga nyumba mbili hapa Tanga, moja vibaya na ya pili afadhali, na kilichozitofautisha hakikuwa saruji bali maji.

Unazikumbuka nguzo za baraza ya nyumba ya kwanza, zile ulizokuwa ukizichora kwa msumari hata nikakuchapa? Nisamehe, kosa halikuwa lako, kwa maana zege lililokomaa sawasawa halichimbiki kwa msumari wa mtoto wa miaka sita. Siku tulipozimwaga jua lilikuwa kali, vijana wamechoka, na kila zege lilipokuwa zito kwenye koleo waliongeza ndoo ya maji, nami niliyekuwa nimesimama pembeni na birika la chai nikafurahi kwamba kazi inakwenda upesi. Mbao zilizolishikilia zege zilipofunguliwa tulikuta kokoto zimejikusanya chini peke yake, na katikati yake mashimo ambayo nondo ilionekana. Fundi akayaziba kwa plasta. Miaka michache baadaye hewa ya chumvi ya huku pwani iliifikia ile nondo, ikashika kutu, ikavimba, na plasta yote ikabanduka.

Saruji haikauki kama udongo unavyokauka juani. Inashikana na maji na kugeuka kuwa kitu kingine, na kwa kazi hiyo inahitaji maji yapatayo robo tu ya uzito wake. Maji tunayozidisha hapo ni ya kulainisha mchanganyiko ili uingie katikati ya nondo, na yakishatoka huacha vitundu vidogo visivyoonekana ambavyo ndivyo vinavyoidhoofisha nguzo. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 25 zatosha, yaani ndoo moja ya lita 20 na kidumu kimoja cha lita 5. Ukifika 28 umefika mwisho. Mchanga ukiwa umenyeshewa, punguza, kwa kuwa nao umebeba maji yake.

Kuhusu vipimo, usikubali kupimiwa kwa toroli, maana toroli la asubuhi hujazwa kilima na la saa nane hujazwa nusu. Mwambie seremala akutengenezee sanduku la mbao lisilo na kitako, ambalo upana, urefu na kina chake kwa ndani ni sentimita 33. Ujazo wake unakaribiana na ule wa mfuko mmoja wa saruji. Ikiwa mchoro unataka moja kwa mbili kwa nne, basi kila mfuko utaufuatishia masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto, yaliyosawazishwa juu kwa ubao. Mchanga na saruji vichanganywe vikavu kwanza hadi rangi iwe moja, ndipo kokoto zifuate, na maji yawe ya mwisho, yakimiminwa kidogo kidogo. Mchanga wenyewe uusugue viganjani kabla ya kulipia lori: ukiacha matope mkononi, urudishe.

Changanyeni kiasi kinachoweza kumwagwa ndani ya saa moja. Zege likianza kushikana juu ya sakafu ya kuchanganyia, kuna fundi atakayetaka kulirudishia maji ili lilainike, na hapo ndipo utakapohitaji ulimi mtamu, kwa sababu ni mtu mzima na ameanza kazi hii kabla hujazaliwa. Usimgombeze mbele ya vijana wake. Mwite kando, mwambie, "Mzee wangu, hili naomba tuliweke pembeni, hasara ni yangu." Nusu mfuko wa saruji ni nafuu kuliko nguzo. Ndani ya boksi la mbao linaloipa nguzo umbo, zege walishindilie kwa kipande cha nondo, tabaka kwa tabaka, hadi mapovu ya hewa yaishe kupanda, na wahakikishe nondo haigusi mbao mahali popote; vile vipande vidogo vya zege wanavyoviita biskuti ndivyo vya kuishikilia mbali.

Sasa nageuka, na usinicheke. Maji niliyokunyima wakati wa kuchanganya, uyatoe bila choyo baada ya kumwaga. Dodoma si Tanga: jua lenu ni kavu na upepo haulali, na zege lililomwagwa saa nne linaweza kuanza kupasuka juu kabla ya jioni. Anzeni alfajiri. Jamvi likishakuwa gumu kiasi kwamba maji hayalichubui, lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa, au lizungushie tuta dogo la mchanga ulijaze maji kama jaruba la mpunga. Nguzo nazo zivishwe magunia mara mbao za pembeni zinapoondolewa. Endelea hivyo siku 7 bila kuruka hata moja, na ukiweza ziwe 14, kwa kuwa zege huendelea kupata nguvu muda mrefu, na wahandisi hulipima likiwa na siku 28. Mbao za chini ya lenta, ule mhimili wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, zamu yake itakapofika, zisiondolewe kabla ya wiki mbili hata kama mwenye mbao anazidai.

Vijana wavae buti za mpira, maana saruji mbichi huunguza ngozi polepole na mtu hushtukia jioni.

Ijumaa mchana ita boza, na uhakikishe mapipa yote mawili yamejaa hadi juu kabla saruji haijashushwa. Ukishayaona kwa macho yako, nipigie.

Mama yako.