Barua ya wazi kwa vijana mnaoanza kazi ya ukutubi

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaosomea kazi ya maktaba chuoni Bagamoyo, na wenzenu mliokwisha kupangiwa vituo mikoani. Mkiulizwa kwa nini mmechagua kazi hii, wengi mnajibu kuwa mnapenda kusoma. Ni jibu zuri, ila halitawafikisha mbali. Mkutubi hasomi kazini. Aliyekuja kusoma huudhika kila anapokatizwa, na haupiti muda anakuwa yule mtu wa dawatini asiyeinua uso. Wapo waliosukumwa huku na alama za mtihani tu, na baadhi yao hutokea kuwa wakutubi hodari, maana hawakuja na ndoto ya kukaa kimya na kitabu. Kazi hii inamfaa mtu asiyepata raha mwenzake akiondoka bila jibu. Basi.

Sasa, jibu halipatikani kwa kunyoosha kidole. Msomaji hasemi anachokitaka mara ya kwanza. Atasema, "Naomba kitabu cha kilimo." Ukimwonyesha rafu ya 630, namba ya kilimo katika mpangilio wa Dewey unaopanga vitabu kwa mada, ukarudi kitini, umemfukuza kwa adabu. Muulize analima nini. Nyanya. Nyanya zina nini? Majani yanajikunja. Hapo mnaondoka 630, mnakwenda 635.642 penye nyanya, kisha 632 penye magonjwa na wadudu wa mimea. Swali la "cha nini?" liepukeni, linasikika kama la askari wa getini, ulizeni "ungependa kujua nini hasa?" Kabla hajaondoka, muulize tena kama amekipata. Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloonyesha kuwa mlielewana vibaya tangu mwanzo. Akija na jambo la ugonjwa au la kesi, mpe kitabu, mfungulie ukurasa, hata msomee akiomba, lakini usimpe tiba wala hukumu. Na alichoazima ni siri yake. Mume asiambiwe mkewe anasoma nini, wala mwalimu mkuu asiambiwe.

Rafu je? Kitabu kilichoazimwa kina jina la mtu na tarehe ya kurudi. Kilichorudishwa mahali pasipo pake hakina mwenyewe: orodha inasema kipo, msomaji anaambiwa kipo, na hakionekani mpaka siku ya kuhesabu mali. Kosa kubwa la wanaoanza ni desimali. Wanaiona 496.392, Kiswahili, wanaiweka baada ya 496.4 kwa sababu 392 ni kubwa kuliko 4. Someni tarakimu moja moja baada ya nukta: 3 inatangulia 4, kwa hiyo 496.392 inatangulia. Vivyo hivyo kwenye fasihi, ushairi wa Kiswahili ni 896.3921, tamthilia 896.3922, riwaya na hadithi 896.3923, ukikosea tarakimu ya mwisho, diwani inalala katikati ya riwaya. Kila asubuhi kabla ya kufungua, mtu mmoja apitie rafu mbili tatu, kitabu kwa kitabu, akisoma lebo tu. Anzeni na rafu za vitabu vya shule, ndizo zinazovurugika kuliko zote. Rafu isijae kupita robo tatu. Ikibanana, msomaji hukivuta kitabu kwa kichwa cha mgongo na jalada linachanika hapohapo. Wafundisheni kusukuma ndani vitabu vya pembeni kidogo, kisha kushika mgongo katikati.

Ukurasa ukichanika, msitumie selotepu. Baada ya muda inageuka njano, gundi yake inavuja na kunatisha kurasa jirani, na haitoki bila kubandua maandishi. Tumieni karatasi nyembamba na uji wa wanga, kisha ukurasa ukandamizwe mpaka ukauke. Walio Tanga, Mtwara na Unguja wasiegemeze rafu ukutani. Acheni nafasi hewa ipite, na rafu ya chini isiguse sakafu. Mchwa hupanda kupitia ukuta, mende hula gundi ya majalada, na ukungu hauhitaji mwaliko.

Majina ya waandishi nayo yana kazi. Mtu yuleyule jalada hili limeandika Saidi, lile Said, la tatu S. peke yake. Chagueni umbo moja, orodhesheni vyote chini yake, na penye maumbo mengine wekeni "tazama". Kompyuta haitawaokoa hapa. Ikipewa majina matatu, itaamini ni watu watatu.

Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, tarehe 9 Desemba 1967, shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilikuwa Makerere, Uganda, ilikoanzishwa mwaka 1963. Chuo chenu kilikuja 1989. Ninyi mnasomea nyumbani, kwa hiyo sitarajii kusikia kwamba hamkufundishwa.

Jambo la mwisho ni daftari. Liwekeni dawatini, na kila anayeondoka mikono mitupu aandikwe humo: tarehe na alichotafuta, bila jina. Mtu akisema tu "vitabu havitoshi", mkurugenzi anatikisa kichwa na kufunga faili. Daftari linalomwonyesha watu wangapi mwezi huu walitaka vitabu vya ufugaji wa kuku wakavikosa, atalisoma. Msimu wa bajeti ukifika, nendeni nalo.