Kwa nini hatuwashi redio yako ya valvu siku unayoileta

Lawama inayorudi kila mara hapa dukani ni hii: redio ilikosa betri tu, mbona bili imefika huku? Juzi mteja mmoja aliitoa kwa sauti mbele ya wenzake, akaondoka akiamini tumemla. Basi tueleze kwa nini tunakagua kwanza ndipo tuwashe.

Redio za mkononi za miaka ya 1950, zile zenye valvu (vichupa vya kioo vilivyofanya kazi ya transista) za DK96, DF96, DAF96 na DL96, hula umeme wa aina mbili. Kuna volti 1.4 za kupasha nyuzi za valvu, ambapo jiwe moja kubwa la tochi linatosha. Halafu kuna volti 90. Betri zake za asili hazipo tena madukani, kwa hiyo watu huunga betri kumi za volti 9. Hilo si kosa, hata sisi tunafanya hivyo. Kosa ni kubahatisha waya. Uzi wa DK96 ni mwembamba kuliko unywele, na haki yake ni miliampia 25 tu. Ukiguswa na volti 90 umekwisha, na kwa kuwa nyuzi zote zimeungwa sambamba, valvu nne huondoka pamoja. Valvu iliyokatika uzi haitengenezeki. Inatafutwa nyingine, na huko kutafuta ndiko kunakopandisha bili.

Kijana mmoja alileta redio ya marehemu babu yake, ganda safi, kitambaa cha spika hakina hata mchaniko. Alikuwa amefuata rangi, nyekundu kwa nyekundu. Kumbe plagi ilishawahi kubadilishwa na fundi wa zamani, na rangi zile hazikumaanisha kitu. Alilipia valvu zote nne, ilhali ukaguzi peke yake ungemtosha.

Wengine hulalamika kuwa betri zinaisha upesi, wananunua tena na tena. Sisi tunaweka mita kwenye waya wa volti 90. Redio nzima ya aina hii huvuta miliampia kumi hivi. Ikivuta mara mbili yake, tunakwenda moja kwa moja kwenye ile kapasita ndogo ya karatasi na nta iliyo kabla ya valvu ya mwisho. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti. Ikizeeka huvujisha: sauti inakwaruza, betri zinakauka, na DL96 inachoka kabla ya wakati wake. Kapasita mpya ni rahisi kuliko seti moja ya betri walizokuwa wakitupa.

Na wenye redio ya valvu ya Zenith Trans-Oceanic, tafadhali, hiyo ni ya volti 117 za Marekani. Msiichomeke kwenye 240 zetu. Kipande cha seleniamu, kile kinachogeuza umeme wa ukutani uwe kama wa betri, kikichoka, fundi wa haraka huweka dayodi ya silikoni bila rezista, volti zinapanda, na valvu ya 1L6 inaungua. 1L6 ni adimu, na bei yake tunaiona aibu hata kuitamka. Wala msichomoe valvu redio ikiwa inawaka.

Ada ya ukaguzi tunaikata kwenye bili ukikubali kazi. Vipuri tulivyovitoa tunakurudishia kwenye bahasha, pamoja na vipimo vya kabla na baada. Ilete redio kama ulivyoikuta, bila kuijaribu.