Ngomeni msiende saa sita

Mombasa, Jumatatu usiku

Njeri mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mama anakusalimu na anauliza mtoto ameota meno mangapi. Najua nimekaa kimya tangu harusi ya Swabra, tutateta ukifika. Nimeshika kalamu leo kwa sababu ya ile ratiba ya wageni wako.

Dada, Jumamosi yako haifai. Asubuhi Haller Park, saa sita Fort Jesus, saa nane Mji wa Kale, saa kumi ufuoni! Wakwe zako wanatoka baridi ya Nyeri, nawe uwasimamishe kwenye ua ule wa mawe jua likiwa utosini? Desemba nilimkuta bibi mmoja pale ameegemea mzinga, leso imelowa jasho, na dereva aliyewaleta anamhimiza eti muda umekwisha. Niliumia. Mtu kasafiri usiku kucha, na Mombasa atakayoikumbuka ni kichwa kumgonga.

Ngome hufunguliwa saa mbili. Muwe mlangoni saa hiyo, upepo bado mwanana. Mzee anapenda historia, basi mpeleke kwanza kwenye michoro ya mabaharia wa Kireno. Asogee karibu: ni makaa na udongo mwekundu tu juu ya lipu, lakini meli unazitambua moja moja. Halafu mpande ukutani mtazame mlango wa bahari. Waomani waliizingira ngome hiyo kuanzia 1696 hadi 1698, na humo majini ndimo ilimozama Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyokuja kuwanusuru wenzao waliokuwa ndani. Akisimama pale juu ataelewa mwenyewe kwa nini kila mtu alikitaka kisiwa hiki.

Kutoka hapo gari liacheni. Ndia Kuu ni ya miguu, polepole, macho juu kwenye roshani za mbao na chini kwenye milango ya nakshi. Mfike msikiti wa Mandhry, wa 1570, kisha Bandari ya Kale. Waambie watoto wasipige picha watu bila kuomba. Zile ni nyumba, kina mama wamekaa barazani kwao. Mama mkwe ajitande leso mabegani, atakaribishwa kila mlango. Akichoka, kuna kahawa tungu na kashata. Saa tano na nusu muwe kwetu, mama anawapikia samaki wa kupaka. Mle, mlale. Nasisitiza mlale! Jua likishapinda ndipo twende Mama Ngina, tukae chini ya mibuyu na mihogo ya pilipili na ndimu, watoto wazitazame meli zikiingia Kilindini.

Haller Park iwe Jumatatu. Palikuwa machimbo ya saruji, mawe makavu, hadi mivinje ilipoanza kupandwa 1971. Leo ni msitu, kivuli tele, hapana haja ya kukimbizana.

Jumapili ndiyo ya bahari, na hapo saa ya ukutani haisaidii. Mwezi utakuwa mpevu, kwa hiyo ni bamvua: maji yatakupwa sana mnamo saa nne asubuhi, kisha yajae alasiri. Asubuhi watoto watembee mwambani na viatu, kuna miiba. Makombe wayatazame na kuyaacha, mengine yana kaa ndani. Maji yakianza kurudi, nao warudi. Kuogelea ni baadaye, yakishajaa. Wengi hufika asubuhi wakaona mchanga na mwani mtupu, wakasema Nyali haina bahari. Inaniuma sana nikisikia hivyo.

Lakini hata ukikataa yote, Njeri, hiyo saa sita ibadilishe.

Sasa niambie: goti la mama mkwe likoje, ataweza zile ngazi za ngome? Mnakuja kwa treni? Kama ni treni, nani anawapokea Miritini, nimwambie Athumani? Watoto wanajua kuogelea au tuwashike mkono? Mzee anakula pweza? Na ule mkoba wangu wa kijani, bado uko kwako? Nijibu kabla ya Alhamisi, maana samaki mzuri lazima tumwagize mapema.

Wako,
Mwanaisha