Kupanua mitaro pekee hakutaiokoa Mbeya

Mhariri,

Kila masika kilio cha Mbeya mjini ni kimoja: mitaro ipanuliwe. Ikifika Oktoba kilio ni mabomba makavu. Ni nadra kusikia mtu akiyaunganisha mambo haya mawili.

Katika msitu wa Mlima Rungwe tone la mvua halipigi ardhi moja kwa moja. Hukutana na majani, huteleza kwenye shina, kisha huangukia tabaka la majani yaliyooza. Maji mengine hurudi angani kama mvuke, mengine hunyonywa na mizizi. Yaliyobaki huzama kwenye udongo wa volkano na kusafiri taratibu hadi kwenye chemchemi, ndiyo maana vijito vya huko hutiririka hata kiangazi.

Mjini tuna bati, lami na ua wa saruji. Hata ua wa udongo uliokanyagwa miaka mingi hupitisha maji kidogo sana. Kwa makadirio ya jumla ya wahandisi, kwenye uoto wa asili kama asilimia 10 ya mvua hutiririka juu ya ardhi. Penye majengo na lami kwa sehemu kubwa hufika asilimia 55. Mtaro mpana unayawahisha tu maji hayo kwa wakazi wa bondeni, badala ya kuyaacha yazame na kulisha chemchemi za kiangazi.

Dawa inaanzia kwenye kiwanja. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo paa la mita za mraba 120 likinyeshewa milimita 25 hutoa lita 3,000. Tangi la lita 2,000 litachukua sehemu kubwa. Yanayofurika yapelekwe kwenye shimo la mita 1.5 kila upande na kina hichohicho, lililojazwa mawe. Nafasi kati ya mawe hubeba zaidi ya lita 1,000.

Shimo likae mita 5 kutoka kwenye msingi wa nyumba na mbali kabisa na choo. Kabla ya kujaza mawe, mwaga maji, yaache yazame, mwaga tena na upime: yakishuka chini ya sentimeta 1 kwa saa, hapo hapafai. Mashimo mengi ya aina hii hufa kwa tope, kwa hiyo weka kishimo cha kutuliza mchanga kabla ya maji kuingia na ukizoe kila baada ya mvua kubwa. Kwenye miteremko mikali usichimbe kabisa, maana maji yanayozama hulegeza udongo. Tope la Mlima Kawetere lililofukia nyumba Itezi Aprili 2024 bado tunalikumbuka.

Kwa viwanja vya tambarare, halmashauri idai tangi na shimo kwenye ramani kabla ya kutoa kibali cha ujenzi, kama inavyodai choo.

Mdau wa maji,
Uyole, Mbeya