Daftari la kikao cha familia halisomwi mpakani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hapa Dodoma watu hulisema kwa sauti ya chini, maana likipaazwa linaonekana ni kuanika mambo ya ndani: mzazi kumchukua mtoto wake mwenyewe, kuvuka naye mpaka na kutomrudisha.

Mkwe wangu ni Mzambia. Alikuja nchini kikazi, akamwoa binti yangu, wakapanga Miyuji, wakapata mtoto wa kike. Ndoa ilipoanza kuyumba hatukukimbilia mahakamani. Tulikaa sebuleni kwangu, wazee wa huku na mjumbe wa upande wa mwanamume, tukala, tukasemezana. Ikaandikwa kwenye daftari la shule kwamba mtoto atabaki na mama yake, baba atakuwa anamwona mwisho wa wiki na atalipa ada. Wote wakatia saini. Mimi niliyefundisha shule ya msingi kwa miaka 31 nilisahihisha hadi makosa ya tahajia. Daftari hilo bado ninalo.

Desemba ilipofika mkwe alipiga simu. "Shikamoo mama. Naomba nimpeleke mtoto akawasalimie babu na bibi wa huku kwetu. Shule ikifunguliwa tutakuwa tumerudi." Ningemjibu nini? Kwa mila zetu mkwe hahojiwi, wala yeye hanitazami usoni. Kumwambia aandike karatasi ya kuahidi kurudi kungekuwa sawa na kumwita mwizi. Nilimkaangia mjukuu maandazi ya njiani, nikamfungia na karanga. Wakapanda basi la alfajiri, wakapita Mtera, Iringa, Mbeya, hadi mpakani. Januari shule zikafunguliwa. Simu ilipokelewa mara moja tu: "Mama, nimeona mtoto asome huku." Tangu siku hiyo namba hiyo haipatikani, na mjukuu tunamwona kwa simu ya shangazi yake, tena shangazi akiwa na moyo mzuri.

Afisa aliyewagongea muhuri simlaumu. Alimwona baba halali mwenye hati halali, na mtoto aliyemshika mkono akicheka. Angezuia kwa lipi? Aliyeniumiza ni mtu wa kituo kimoja tulichokwenda kutoa taarifa, aliyetuambia kwa upole kabisa kwamba baba hawezi kumwiba mwanawe.

Anaweza. Nchi yetu ilishakubali hivyo kwa maandishi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003, unazitaka nchi katika Ibara ya 29 kuzuia utekaji wa watoto unaofanywa na mtu yeyote, na hapo hapo unawataja wazazi na walezi. Miaka kumi na zaidi kabla ya hapo, mwaka 1991, tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto. Ibara yake ya 11 inasema nchi zipambane na kuwatoa watoto nje isivyo halali na kutowarudisha, na kwamba njia ya kufanya hivyo ni kuingia kwenye makubaliano na nchi nyingine.

Makubaliano yenyewe yapo. Ni Mkataba wa Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980 kuhusu utekaji wa watoto kimataifa, na nchi zaidi ya 100 zimejiunga. Nimeusoma kwa miwani yangu na kamusi, na wakili mmoja kijana, jirani yangu, akanifafanulia palipokuwa pagumu. Kilichonivutia ni kwamba mkataba huu hauamui nani mzazi bora. Unauliza swali dogo tu: mtoto huyu wa chini ya miaka 16 alikuwa akiishi wapi kabla hajachukuliwa? Arudishwe huko, na mahakama za huko ndizo ziamue malezi. Kila nchi mwanachama huwa na mamlaka kuu, yaani ofisi moja inayopokea maombi, kumtafuta mtoto na kusukuma shauri. Majaji wanatakiwa kwenda haraka, na zikipita wiki sita bila uamuzi wanaweza kuulizwa sababu. Ombi likifika ndani ya mwaka mmoja tangu mtoto achukuliwe, kanuni ni kumrudisha. Likichelewa zaidi ya hapo, mahakama inaweza kukataa ikiona mtoto ameshazoea maisha mapya.

Sasa sikia hili. Zambia ni mwanachama tangu mwaka 2014. Afrika Kusini imo, Zimbabwe imo, Lesotho, Mauritius na Shelisheli zimo. Sisi hatumo. Mkataba wa namna hii hufanya kazi pale tu nchi zote mbili zinapokuwa ndani, kwa hiyo ile ofisi ya Lusaka ambayo ingemsaidia mama wa nchi iliyofungamana na Zambia kwa mkataba huu haina wajibu wowote kwa mama wa Dodoma. Binti yangu ilibidi atafute wakili wa huko kwa pesa zake na kufungua shauri la malezi upya, kana kwamba mtoto hakuwahi kuishi Miyuji wala kusoma darasa la pili hapa. Nusu eka ya zabibu niliyokuwa nayo Mpunguzi imekwenda huko. Amesafiri mara moja. Mara ya pili tunasubiri mavuno ambayo si yetu tena.

Nisionekane ninazungumza kwa uchungu wa upande mmoja. Wapo watakaosema mkataba huu utawabana mabinti zetu wanaokimbia ndoa za ughaibuni, na hoja hiyo ina uzito. Takwimu za maombi ya mwaka 2015 zilizokusanywa na wenye mkataba zinaonyesha asilimia 73 ya waliochukua watoto walikuwa akina mama. Wengine wao walikuwa wanaokoa maisha yao. Mkataba unalitambua hilo kwa sehemu: Ibara ya 13 inamruhusu jaji kukataa kumrudisha mtoto ikithibitika kwamba atakabiliwa na hatari kubwa ya kuumizwa mwili au akili, na mtoto aliyefikia umri wa kuelewa anaweza kusikilizwa akipinga. Kwa maoni yangu tukijiunga tujiunge tukiwa tumewafundisha mahakimu wetu kuipima ibara hiyo vizuri, maana kipigo cha mama mtoto hukiona hata kama hakikumgusa.

Ila tukiri pia upande wetu wa pili. Binti wa mtaani akishuka uwanja wa ndege na mtoto aliyezaa na mwanamume wa Uingereza au Ujerumani, sisi huku tunachinja mbuzi. Tunasema mtoto karudi nyumbani. Hakuna anayeuliza kama baba yake anajua yuko wapi. Mimi mwenyewe nimekula pilau ya namna hiyo, na sikuuliza.

Bunge liko hapa hapa Dodoma, na Katiba, Ibara ya 63, inalipa kazi ya kujadili na kuridhia mikataba. Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum iko Mtumba. Kwa bodaboda ni mwendo mfupi, kwa hiyo hawa wakubwa hatuwaombi wasafiri. Nawaomba wabunge wetu, hasa wale wa majimbo ya mipakani wanaoyaona haya kila likizo, waulize swali bungeni: tunasubiri nini? Wajue pia kwamba kujiunga si kubonyeza swichi. Nchi inayojiunga baadaye huanza kunufaika kwa zile nchi zinazoukubali ujio wake, kwa hiyo kila mwaka tunaochelewa unachelewesha hata hilo.

Wakati hayo yanasubiriwa, wenye mabinti na wajukuu wasikilize. Kikao cha familia ni kizuri kwa amani, lakini mkimaliza kupatana, makubaliano hayo yapelekeni mahakamani yawe amri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kuzuia mtoto asitolewe Tanzania. Amri hiyo ndiyo itakayompa afisa wa Uhamiaji sababu ya kusema hapana, ilimradi mmempelekea nakala kabla ya safari. Ukikubali mtoto asafiri, kibali kiandikwe mbele ya wakili, na tarehe ya kurudi ndani yake. Mkwe akikasirika, mwambie bibi mmoja wa Miyuji ndiye aliyekushauri. Wapo wanaoficha pasipoti ya mtoto chini ya godoro wakadhani wamemaliza. Mtoto wa Mtanzania na mgeni anaweza kuwa na uraia wa pande zote mbili hadi afikishe miaka 18, kwa hiyo ubalozi wa mzazi mwenzake unaweza kumpa pasipoti nyingine wakati yenu imelala chini ya godoro. Na anayeanza kuhisi harufu ya jambo hili asisubiri Januari: namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Mjukuu wangu hata Bunge likiridhia kesho hatasaidika. Ibara ya 35 inasema mkataba unahusu watoto waliochukuliwa baada tu ya kuanza kutumika kati ya nchi hizo mbili, na wetu alishavuka. Jumapili iliyopita shangazi yake alitupigia. Mtoto alinisalimia "muli bwanji," akasita, akamtazama shangazi, ndipo akakumbuka shikamoo.

Mwalimu mstaafu,
Miyuji, Dodoma