Hanuka Njema: Taa za Kutazamwa Tu

Ndugu, jamaa na majirani, hamjambo. Leo jua likishazama tunawasha taa ya kwanza ya Hanuka, sikukuu yetu Wayahudi, ile ambayo Biblia ya Kiswahili inaiita Sikukuu ya Kutabaruku. Nawatakieni nyote siku nane za heri, walio hapa Nairobi na walio mbali. Vyakula vya siku hizi hukaangwa kwa mafuta, na kwetu mahamri yameshaumuka.

Mafuta yana kisa chake. Mwaka 164 kabla ya Kristo, Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walilitwaa tena Hekalu la Yerusalemu kutoka kwa watu wa mfalme Antioko. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, inasimulia kwamba walikuta kichupa kimoja tu cha mafuta safi, chenye muhuri wa kuhani mkuu. Yalikuwa ya siku moja, yakawaka nane.

Mwaka huu lakini moyo wangu umeshikwa na sheria moja ndogo: mwanga wa taa hizi hautumiwi. Usisomee kitabu, usihesabie pesa. Ndiyo sababu pembeni huwashwa ya tisa, shamashi, maana yake mtumishi, ili anayehitaji mwanga apate wa kwake. Zile nane hazina kazi nyingine ila kutazamwa. Nyumbani mwangu sina kitu kingine cha namna hiyo, isipokuwa labda mezuza, kile kijaluba kidogo kinachopigiliwa kwenye mwimo wa mlango.

Desturi ya zamani huviweka viwili hivi mlangoni pamoja: mezuza kwenye mwimo wa kulia, taa kushoto, na anayeingia hupita katikati yake. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza kwa upole kama mezuza ile ni hirizi yetu. Swali lake si geni. Musa bin Maimuni, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 12, aliwakemea vikali Wayahudi walioandika majina ya malaika ndani ya mezuza ili iwakinge. Ndani ya kile kijaluba mna kipande cha ngozi kilichoandikwa kwa mkono, mistari 22, na herufi moja ikifutika hakifai tena. Maneno yenyewe yamo katika Kumbukumbu la Torati: Bwana ni mmoja, mpende kwa moyo wako wote, wafundishe watoto wako. Kisha agizo: “Tena yaandike juu ya miimo ya nyumba yako, na juu ya malango yako.”

Hirizi huvaliwa ili ikulinde. Mezuza inakuuliza unaingiaje. Ziko jioni nimerudi na hasira za kutwa nzima, nikainua mkono kuigusa kama tulivyozoea, na mkono ukabaki pale juu kitambo, kwa sababu ndani nilisikia sauti za watoto. Nikasubiri hadi nikatulia, ndipo nikafungua.

Na taa, ambazo siku hizi wengi huziweka dirishani? Mwaka 1931, katika mji wa Kiel, Ujerumani, Rachel Posner, mke wa rabi Akiva Posner, aliipiga picha taa yao ya Hanuka. Ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya dirisha lile, ilining'inia bendera ya Wanazi. Nyuma ya picha aliandika kwamba bendera inasema Uyahudi utakufa, na taa zinajibu kwamba utaishi milele. Mwaka 1933 familia ile iliondoka Ujerumani na taa yao mizigoni. Mwaka 2022 wajukuu waliirudisha Ujerumani kwa siku chache, wakaiwasha tena. Nikiitazama picha ile huona kitu kidogo cha shaba kilichofanya kazi yake ile ile ya kila mwaka, bila kuongeza wala kupunguza.

Kesho tutaongeza moja, keshokutwa nyingine, kama walivyofundisha wanafunzi wa Hilleli, mwalimu wetu wa kale: katika utakatifu watu hupanda, hawashuki. Ijumaa tutaziwasha mapema, kabla ya mishumaa ya Sabato. Jumamosi tutasubiri Sabato iishe. Siku nyingine zitakuwa dirishani kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni. Mkipita barabarani, simameni kidogo. Mkitaka, bisheni hodi.

Hag Hanuka sameah. Hanuka njema kwenu na kwa wote walio nyumbani mwenu.