Mhariri, ute wa jakuzi hauishi kwa kumwaga klorini tu

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu wote.

Kuna mwenzetu aliandika kwenye safu hii ya barua kwamba jakuzi, yaani lile beseni kubwa la maji ya moto yenye mapovu, likianza kuteleza dawa yake ni kuongeza klorini mpaka harufu iwe kali, eti hapo ndo ujue maji yamekuwa safi. Jamani hapana. Mimi kazi yangu ni hiyohiyo ya kuhudumia majakuzi na nimeona niandike kabla watu hawajaanza kumwaga makopo mazima humo ndani.

Tuanze na hiyo harufu. Klorini ikiwa bado na nguvu kwenye maji yaliyo sawa huwa hainuki kihivyo, ile harufu inayochoma pua na macho ni kloramini, yaani klorini ambayo imeshapambana na jasho, mkojo na mafuta ya kujipaka ikachoka. Kwa hiyo jakuzi likinuka sana ukiwa bado mlangoni ujue lina uchafu mwingi kuliko dawa. Geuza ukarudi zako.

Sasa ute wenyewe. Ule utelezi unaousikia kwa kidole pale usawa wa maji ni bakteria waliojibandika ukutani wakajifunika kwa ute wao wenyewe, ni kitu kilekile kama ukoga wa meno, unaweza kusukutua dawa kinywani kutwa nzima lakini usipopiga mswaki hautoki. Klorini inaua walioko juu juu na wale wanaoelea, wa chini wanabaki wamejificha wanasubiri dawa iishe. Na kwenye maji ya moto dawa inaisha haraka kweli, joto linaiondoa, mapovu ya jeti, yale matundu yanayosukuma maji na hewa, yanaiondoa, na watu wanne kwenye maji kidogo vile ni sawa na umati kwenye bwawa la kuogelea.

Halafu sehemu unayoiona ndo ndogo. Ute mwingi uko kwenye mabomba nyuma ya jeti, kwenye mikunjo ya filta na chini ya kava, na chini ya kava ndo hakuna mtu anapafikiria kabisa. Dalili ninayoiamini mimi kuliko zote ni hii: unapima jioni klorini iko sawa, hajaingia mtu, asubuhi unapima imekwisha. Kuna kitu kimeila usiku, na kitu chenyewe kiko kwenye mabomba. Dalili nyingine ni ukiwasha jeti vinatoka vipande vipande kama ngozi, hapo wala usipime, anza kazi.

Kazi yenyewe inaanza na maji ya zamani yakiwa bado ndani, watu wengi wanakosea hapa wanamwaga maji kwanza wanasugua ukuta wanajaza mapya wanadhani wamemaliza kumbe mabomba yako vilevile na baada ya muda mfupi utelezi umerudi. Toa filta, weka dawa ya kusafishia mabomba, ile maalum ya jakuzi, washa jeti zote na ile hewa pia, acha zizunguke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Utaona kitakachotoka, andaa kitambaa cha kufuta. Ndo umwage. Baada ya hapo sugua kuta kwa brashi, jeti zinazofunguka zifungue uzisafishe kwa ndani, suuza vizuri, filta iloweke kwenye dawa yake au kama imeshachakaa weka mpya, kisha jaza maji na uyapige dozi kubwa ya klorini kava likiwa wazi mvuke utoke. Usitumie sabuni ya vyombo, utapambana na povu mpaka uchoke. Na tafadhali sana usichanganye klorini na siki au asidi yoyote, inatoka gesi yenye sumu, na klorini za aina mbili tofauti nazo usizichanganye kopo moja, zinaweza kulipuka.

Vipimo ni vichache tu. Klorini isipungue miligramu 3 kwa lita, kama badala yake unatumia bromini, dawa nyingine ya kuua wadudu, iwe kati ya 4 na 8, pH (kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji) kati ya 7.0 na 7.8, joto lisizidi nyuzi 40. Hiyo pH watu wanaidharau lakini ikipanda kufika 8 klorini unayo ila inafanya kazi kivivu sana. Vilevile vile vidonge vya klorini vya bwawa la nje vingi vina asidi ya sianuriki ya kuzuia jua lisiile dawa, kwenye jakuzi inajilimbikiza na kuifanya klorini iwe nzito kuua wadudu, achana navyo.

Kuhusu kubadilisha maji kuna hesabu rahisi: chukua lita za jakuzi gawanya kwa 11, jibu gawanya tena kwa idadi ya watu wanaoingia kwa siku, unapata siku. Lita 1,600 na watu wanne ni kama siku 36. Wakioga kwanza kabla ya kuingia maji yanakaa vizuri zaidi, na kuoga ninamaanisha kuoga, sio kujimwagia kidogo miguuni.

Kama kuna anayeona nakuza mambo, wadudu wanaokaa kwenye ute huo ni pamoja na Pseudomonas wanaoleta vipele, hasa pale nguo ya kuogelea ilipobana, na Legionella wanaoingia mapafuni kwa kuvuta ule mvuke na kuleta nimonia mbaya. Legionella anapenda sana joto la nyuzi 20 hadi 45, yaani jakuzi lote ni kwake. Mwaka 1999 huko Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi liliwekwa kwenye maonyesho ya maua kwa ajili ya kuonyesha tu, na waliopita karibu wakavuta ule mvuke wakaugua, zaidi ya watu 30 walifariki. Hawakuingia hata kwenye maji.

Ndo maana ninaomba, Mhariri, wenye hoteli, jimu na nyumba za kupangisha wabandike vipimo vya siku hiyo ukutani karibu na jakuzi, klorini, pH na saa waliyopima, wapime angalau mara mbili kwa siku. Na wasomaji mkifika mahali mkaomba vipimo mkaambiwa "maji yako safi usijali", msiingie, au mwe na stripu zenu za kupimia mfukoni, ni kuchovya tu na kusoma rangi.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa majakuzi